Mbagala haimo jijini: Majina rasmi na ramani zisizokutana

Muulize mkazi yeyote wa Mbagala anaishi mji gani. Atakujibu Dar es Salaam, tena atakushangaa kwa kuuliza. Hajakosea. Lakini kwa hesabu za serikali, Jiji la Dar es Salaam halifiki Mbagala. Halifiki Sinza, halifiki Kimara, wala halivuki maji kwenda Kigamboni. Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya manispaa zote, akaipandisha Manispaa ya Ilala kuwa jiji. Tangu siku hiyo jina kubwa limebaki na eneo moja tu, Ilala. Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni ni manispaa zilizomo katika Mkoa wa Dar es Salaam lakini ziko nje ya Jiji la Dar es Salaam.

Mpanda daladala halimkoseshi usingizi hilo. Mtengeneza ramani za mtandaoni linamkosesha. Anayo nukta moja kwenye skrini, ameiandika Dar es Salaam, na sasa anataka kuiwekea idadi ya watu. Anafungua matokeo ya Sensa ya 2022 na kukuta 5,383,728. Hiyo ni ya mkoa. Anashuka mistari michache, anakuta 1,649,912. Hiyo ndiyo ya jiji, yaani Ilala. Aandike ipi? Akiandika ya kwanza, amelipa jiji watu wa manispaa nne zisizo zake. Akiandika ya pili, msomaji aliye mbali atadhani Dar imekumbwa na tauni. Ilala nayo si jina la kitu kimoja: ni kata, ni wilaya, na ni jimbo la uchaguzi.

Kazi ya kumaliza utata wa aina hii haina jina linalojulikana mitaani, ingawa kila anayefungua ramani kwenye simu anaitegemea. Ni kufunga jina kwenye umbo. Upande mmoja kuna makaratasi: Gazeti la Serikali linalotangaza maeneo, orodha za TAMISEMI (ofisi inayosimamia serikali za mitaa), vitabu vya sensa, orodha ya postikodi. Upande wa pili kuna michoro: nukta za vijiji, mistari ya mito na barabara, maumbo ya kata na wilaya yenye mipaka. Makaratasi yanajua jina halali ni lipi, ila hayajui mahali penyewe pako wapi chini ya jua. Michoro inajua mahali, ila haijui kama jina lililoandikwa juu yake ni la serikali, la enzi ya Mjerumani, au la kijiweni. Anayezikutanisha pande hizi mbili ndiye mwenye kazi.

Zisipokutana, tunakutana na matokeo yake barabarani. Mwaka juzi kijana wa kuleta vifurushi alinipigia simu: "Kaka, nimeshafika, toka nje." Nikatoka, sikuona mtu wala pikipiki. Alikuwa Mbuyuni, na mimi nilikuwa Mbuyuni, na kati yetu kulikuwa na saa nzima ya foleni. Sikumlaumu. Kila palipowahi kusimama mbuyu pana Mbuyuni, kama ambavyo miji mingi ina Majengo yake: Moshi, Dodoma, Tanga, Mombasa, Nairobi. Watu hawasumbuki na hilo kwa sababu wanauliza, "Mbuyuni ipi?" Programu ya ramani, kama hakuna aliyeifundisha kuuliza, huchukua ya kwanza inayoikuta.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Songwe. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na makao makuu yake yako Vwawa, katika Wilaya ya Mbozi. Ndani ya mkoa huo kuna Wilaya ya Songwe, ambayo makao yake makuu ni Mkwajuni. Tayari tuna Songwe mbili, moja ndani ya nyingine, na makao makuu ya ile kubwa hayamo katika ile ndogo. Kisha upo Uwanja wa Ndege wa Songwe, ulioanza kutumika 2012, miaka minne kabla mkoa wenye jina hilo haujazaliwa. Uwanja huo uko Mkoa wa Mbeya. Ukitua pale kwa kudhani umefika makao makuu ya Mkoa wa Songwe, bado una safari ya gari mpaka Vwawa. Upo pia Mto Songwe, unaotenganisha Tanzania na Malawi na kumwaga maji Ziwa Nyasa. Na kana kwamba hayo hayatoshi, upo Mto Songwe mwingine, unaokwenda upande wa pili kabisa na kuingia Ziwa Rukwa.

Vitu vitano, jina moja, na vyote vinatoshea katika kipande kimoja cha nchi ambacho ungekifunika kwa kiganja kwenye ramani ya ukutani. Fikiria sasa programu imepewa orodha yenye neno "Songwe" peke yake na kuambiwa itafute mahali pake. Haiwezi kubahatisha vizuri. Ikitumia kigezo cha jina pekee, uwanja wa ndege unahamia mkoa jirani. Ikitumia umbali pekee, mito inabadilishana maji.

Wanaoifanya kazi hii vizuri hawaliamini jina likiwa peke yake. Wanauliza aina ya kitu kwanza: ni mto, ni mkoa, ni uwanja? Kisha wanauliza kimo ndani ya nini: kata ipi, wilaya ipi, mkoa upi. Kisha wanaangalia kama nukta yenyewe inaangukia ndani ya mipaka ya eneo linalotajwa. Vikikubaliana vyote, kiungo kinafungwa. Vikipingana, kesi inapelekwa kwa binadamu, na binadamu anayefaa mara nyingi ni yule aliyewahi kufika. Msomi wa London anaweza kujua Kilwa ni mji wa kale wa Waswahili. Mtu wa Lindi atamuuliza kama anasema Kilwa Kisiwani yenye magofu yaliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1981, au Kilwa Kivinje ya misafara ya karne ya 19, au Kilwa Masoko yalipo makao makuu ya wilaya leo. Na Mkongomani wa Katanga atawaambia wote wawili kwamba kwao pia ipo Kilwa, kando ya Ziwa Mweru.

Kuna tatizo jingine dogo kwa sura, lakini limekula siku nyingi za watu. Nalo ni ng'.

Mtoto wa darasa la kwanza anajua Mang'ula si Mangula. Lang'ata ya Nairobi, Lang'ata ya Mwanga mkoani Kilimanjaro, Ng'ambo ya Unguja, zote zinabebwa na kile kialama kinachoning'inia. Kwenye kompyuta kialama hicho si kimoja. Kipo kilichonyooka, kipo kilichopinda, kipo kile ambacho wataalamu wa fonetiki wanakitumia kama herufi kamili, na wapo wanaobonyeza alama ya lafudhi iliyo pembeni ya kibodi ili mradi ifanane. Kwa jicho la binadamu yote ni yale yale. Kwa mashine ni majina manne tofauti, na kijiji kimoja kinaweza kuingia kwenye orodha mara nne, au kisionekane kabisa kwa sababu mtafutaji kachapa kialama kisicho chake. Kuna waliochoka wakakifuta moja kwa moja. Mang'ula ikawa Mangula, na mwenyeji akisikia sauti ya simu ikimwelekeza njia anacheka.

Ongeza majina yaliyoandikwa na wageni kwa masikio yao. Wajerumani waliandika Muansa, Moschi, Aruscha na Udjidji, na ramani zao zimeskaniwa na kuwekwa mtandaoni. Tahajia hizo hazistahili kutupwa. Anayesoma barua ya mwaka 1905 anahitaji kujua Muansa ndiyo Mwanza. Kosa ni kuziacha zielee kama miji inayojitegemea, wakati zilipaswa kukaa chini ya jina la leo zikiwa na lebo ya jina la zamani. Kilele cha Kibo kilipewa jina la mfalme wa Ujerumani na Hans Meyer mwaka 1889, na tangu 1961 kinaitwa Uhuru. Mwamba haujasogea wala kupungua mita zake 5,895. Atlasi nzuri ina kilele kimoja chenye majina mawili na tarehe zake. Atlasi mbovu ina vilele viwili.

Ndiyo maana dunia ya ramani imekimbilia namba. Jina linaweza kubadilika, kufanana na jingine, au kuandikwa vibaya, lakini mahali pakipewa namba ya utambulisho, namba hiyo haipaswi kubadilika. Kwenye Wikidata, hifadhidata huria iliyoanzishwa 2012, Tanzania ni Q924 na Kenya ni Q114, na chini ya kila namba yanakusanywa majina kwa lugha zote, majiranukta ya mahali, na viungo vya kwenda kwenye hifadhidata nyingine. Mchora ramani wa OpenStreetMap, ramani huria iliyoanza 2004, anaweza kubandika namba hiyo kwenye umbo alilochora. Kuanzia hapo jina na umbo vinaongea, hata kama kesho halmashauri itabadilishwa jina.

Ila namba nayo inataka kujulikana ukoo wake. Katika namba za sensa zetu, mkoa wa 07 ni Dar es Salaam. Katika orodha ya kimataifa ya ISO, TZ-07 ni Kaskazini Unguja, na Dar es Salaam ni TZ-02. Namba zote mbili ni sahihi, kila moja kwenye daftari lake. Mchanganye mwanafunzi wa takwimu asiyeambiwa, atakuletea jedwali ambalo wagonjwa wa kipindupindu wa Buguruni wamelazwa Nungwi. Nimewaona watu wazima wenye shahada wakibishana juu ya jedwali la namna hiyo asubuhi nzima, kila mmoja akiwa na haki.

Tarehe nazo ni sehemu ya jina, jambo ambalo wengi hulisahau. Chato ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Kagera hadi 2012, mikoa mipya ya Geita, Simiyu, Njombe na Katavi ilipoanzishwa. Takwimu ya Kagera ya 2010 ina Chato ndani yake. Ya 2022 haina. Mtu akizilinganisha bila kuangalia mipaka atahitimisha kwamba watu wa Kagera wameongezeka polepole kuliko ilivyo kweli, aandike na ripoti. Hapo jina limebaki lile lile, na umbo ndilo lililogeuka chini yake.

Sasa nije kwenye vijiji ambavyo havipo.

Serikali ya Marekani imekuwa na bodi ya majina ya mahali tangu 1890, na orodha yake ya majina ya nchi za nje, inayotunzwa na watu wa ujasusi wa ramani wa jeshi lao, iko wazi kwa kila mtu. Ni kazi kubwa na nawavulia kofia. Lakini nukta nyingi katika orodha hiyo zilisomwa zamani kutoka ramani za karatasi na kukadiriwa hadi dakika iliyo karibu. Dakika moja ya latitudo ni takribani mita 1,850. Kwa meli baharini si neno, lakini kwa kijiji ni tofauti ya kuwa bondeni au kuwa juu ya kilima ng'ambo ya mto. Halafu ramani hizo za karatasi, kwa upande wetu, nyingi zilitokana na picha za anga za kabla ya Operesheni Vijiji. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya Watanzania walihamishwa kutoka maeneo yao ya asili kwenda vijiji vilivyopangwa. Mara nyingine jina liliwafuata, mara nyingine lilibaki na mahame, mikorosho na makaburi.

Orodha hiyo ya Marekani iliingizwa GeoNames, hifadhidata huria iliyoanza 2005. Kutoka GeoNames, programu moja iliyotengenezwa na Msweden ilichota mamilioni ya majina na kuyaandikia makala za kimashine katika Wikipedia ya Kisweden na ya Kicebuano, lugha ya Ufilipino. Makala hizo zikazaa namba kwenye Wikidata. Kwa hiyo hame la kusini mwa Tanzania, lililoachwa kabla wengi wetu hatujazaliwa, linaweza leo kuwa na makala kwa Kicebuano, namba ya kimataifa na nukta kwenye simu yako, na lisiwe na nyumba hata moja. Na kijiji kipya chenye shule, zahanati na mwenyekiti aliyechaguliwa, jirani tu na hapo, kisionekane popote.

Wikipedia ya Kiswahili, tuipe haki yake, imefanya kinyume. Wahariri wake wa kujitolea wameandika makala za kata za Tanzania, fupi fupi, wakianzia kwenye orodha za hapa hapa nyumbani, na wametaja wilaya na mkoa wa kila kata. Makala hizo hazina mbwembwe, lakini mfunga majina anazihitaji kuliko insha ndefu, kwa kuwa zinamwambia kata ipi imo ndani ya wilaya ipi.

Kazi ya namna hiyo hiyo ilifanyika kwa miguu Dar es Salaam kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria ulipowapeleka wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye mitaa inayofurika. Walichora nyumba, mitaro na njia. Kilichonivutia zaidi ni namna walivyoshughulikia mashina, vile vikundi vidogo vya nyumba vyenye mjumbe wake. Mpaka wa shina haukuwa kwenye ramani yoyote, ulikuwa kichwani mwa mjumbe. Ikabidi mjumbe atembee nao, aonyeshe kwa kidole: kuanzia mwembe huu hadi kwenye banda lile ni kwangu. Unguja na Pemba nako, kuanzia 2016, Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walirusha ndege nyuki na kupiga picha za visiwa vyote viwili. Picha ya namna hiyo inaonyesha kila paa, lakini haina jina hata moja. Jina lazima aje mtu alitamke.

Na atamke lipi? Hapa ndipo ninapotofautiana na marafiki zangu wa serikalini, wanaotaka ramani ibebe jina rasmi tu. Konda anaita "Salenda!" na hakuna abiria anayemsahihisha kwamba daraja hilo ni Selander. Mgonjwa wa dharura atamwambia dereva yuko Mtoni kwa Azizi Ali, hatasoma namba ya nyumba. Mtalii anatafuta kisiwa cha Prison, mvuvi anakiita Changuu. Hifadhidata za kisasa zina nafasi kwa yote: jina rasmi mahali pake, la wenyeji pake, la zamani pake, na kila moja linatafutika. Kulifuta la wenyeji ili kulitukuza la Gazeti la Serikali ni uvivu tu. Hata ziwa moja linaweza kuwa na majina mawili yanayogombana: Tanzania inasema Nyasa, Malawi inasema Malawi, na nyuma ya ubishi wa jina upo ubishi wa mpaka unaotokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890. Atlasi ya mtandaoni haina mamlaka ya kuamua kesi hiyo. Inachoweza ni kuonyesha majina yote mawili na kusema nani anatumia lipi.

Mwaka 2022, kabla ya sensa, Operesheni Anwani za Makazi ilipita nchi nzima. Vichochoro ambavyo havikuwahi kuitwa chochote vilipata majina, nguzo zilisimikwa, na nyumba zikabandikwa namba. Serikali yenyewe ilikusanya jina na mahali kwa mkupuo mmoja. Nguzo nyingine zimeshang'olewa na wauza vyuma chakavu, lakini kumbukumbu zimebaki kwenye mfumo, na mwananchi anaweza kutafuta anwani kwa simu.

Kutafuta anwani moja moja hakutoshi. Anayetengeneza ramani ya mafuriko, mwandishi anayechambua matokeo ya uchaguzi, daktari wa wilaya anayefuatilia surua, wote wanahitaji orodha nzima: vijiji zaidi ya 12,000 na mitaa zaidi ya 4,000, kila kimoja na jina lake rasmi, namba yake, mpaka wake, na tarehe kilipoanzishwa au kubadilishwa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilifungua njia ilipoweka hadharani mipaka ya sensa ya 2012 hadi ngazi ya kata. TAMISEMI na Wizara ya Ardhi wakae meza moja, kila tangazo la Gazeti la Serikali linalozaa au kufuta eneo litoke na namba na mchoro wake, na orodha ipakuliwe bure na yeyote. Hilo halihitaji setilaiti. Linahitaji karani mmoja mwenye mamlaka na mtandao usiokatika.

Na wewe msomaji una lako la kufanya mwishoni mwa wiki hii. Fungua ramani kwenye simu, utafute mtaa au kijiji chako. Angalia jina limeandikwaje, kama ng' yake ipo, kama nukta imekaa penye watu au porini. Kwenye OpenStreetMap unaweza kusahihisha mwenyewe kwa dakika kumi. Ramani nyingine zina kitufe cha kuripoti kosa. Ukiwa Mbagala, andika mtaa, kata, kisha Manispaa ya Temeke, kisha Mkoa wa Dar es Salaam. Jiji usiliandike.